Nani Amefungwa? Upatanisho wa Kisarufi na Mgawanyo wa Lawama katika Mijadala ya Mashabiki wa Kandanda Mkoani Mara

1.0 Utangulizi

Kati ya mwisho wa msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Tanzania na mwanzo wa msimu unaofuata huwapo kipindi cha majuma kadhaa ambacho mpira hauchezwi, ila husemwa. Hiki ndicho kipindi cha usajili, cha kambi na cha mechi za kirafiki. Klabu ya Simba huadhimisha siku yake maalumu, iliyoanza mwaka 2009. Yanga nayo, tangu mwaka 2019, ina Wiki ya Mwananchi. Mjini Musoma, katika vijiwe vya Nyasho na Mwigobero, Bunda katika vituo vya bodaboda kandokando ya barabara kuu iendayo Mwanza, na Butiama katika vibaraza vya maduka, watu hukaa wakavipima vikosi: nani kaondoka, nani kaja, pengo lipi limezibwa na lipi limeachwa wazi.

Mijadala hii aghalabu huchukuliwa kuwa kelele tu. Hata wataalamu wa lugha wanapoigusa, mara nyingi huishia kwenye msamiati: maneno ya mkopo kama vile kipa, beki, winga, kona na penalti, au sitiari za vita kama vile ngome, safu, kombora na mashambulizi. Uchunguzi wa namna hiyo una manufaa yake, lakini unaacha kando jambo lililo la msingi zaidi. Shabiki anayeeleza ubora na udhaifu wa timu kabla ya msimu anatoa hukumu. Anasema timu ina nini, inakosa nini, na kosa ni la nani. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya hukumu hiyo haibebwi na vivumishi kama vile imara, butu au dhaifu. Inabebwa na viambishi: kiambishi cha kiima, kiambishi cha mtendwa, na viambishi vya mnyambuliko wa kitenzi. Anayetaka kujua shabiki anamlaumu nani hana budi kuitazama sarufi yake.

Mkoa wa Mara umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo la lugha nyingi. Kijita, Kikwaya na Kiruri zinasemwa kandokando ya Ziwa Viktoria, Kizanaki Butiama, Kiikizu upande wa Bunda, Kikurya Tarime na Serengeti, na Kijaluo, ambayo si lugha ya Kibantu, Rorya. Watu wa lugha hizi wanapokutana kijiweni, mjadala wa mpira huendeshwa kwa Kiswahili. Pili, kwa misimu minne, kuanzia 2018/19 hadi 2021/22, mkoa huu ulikuwa na timu katika Ligi Kuu, yaani Biashara United Mara, iliyokuwa ikitumia Uwanja wa Karume mjini Musoma. Kwa hiyo shabiki wa Musoma alijikuta na timu mbili kinywani: ile ya Dar es Salaam aliyoipenda tangu utotoni, na ile ya nyumbani. Hali hiyo ni ya manufaa makubwa kwa mwanaisimu, kwa sababu nafsi ya kwanza wingi ni moja tu, nayo ilibidi igawanywe.

Mifano itakayotolewa imetungwa kwa kufuata usemi wa kawaida wa vijiweni, ili hoja ya kisarufi ionekane waziwazi. Haikunukuliwa kutoka kwa mtu yeyote.

2.0 Jina la Timu na Ngeli Yake

Zitazamwe sentensi hizi tatu:

(1) (a) Simba imesajili vizuri.
(b) Simba wamesajili vizuri.
(c) Simba kasajili vizuri.

Zote tatu husikika katika kijiwe kimoja, na pengine kwa msemaji mmoja katika muda wa dakika tano. Katika (1a) jina la klabu limechukua upatanisho wa ngeli ya I/ZI, kama ilivyo kwa nomino klabu na timu. Katika (1b) upatanisho ni wa wingi wa ngeli ya A/WA. Katika (1c) ni wa umoja wa ngeli hiyohiyo, kwani umbo la ka- linaloshika nafasi ya ame- katika mazungumzo ya kawaida hutumika kwa nafsi ya tatu umoja peke yake.

Maelezo ya haraka yangekuwa kwamba (1c) inatokana na maana ya asili ya jina: simba ni mnyama, na nomino zinazotaja viumbe wenye uhai, hata zikiwa na umbo la ngeli ya N, huchukua upatanisho wa A/WA. Kanuni hii ilikwisha kuelezwa zamani katika sarufi ya Ashton ya mwaka 1944. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi. Yanga si jina la kiumbe. Ni ufupisho wa Young Africans, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935. Azam ni jina la kampuni. Lakini mashabiki husema Yanga kafungwa na Azam kabanwa bila tabu yoyote. Zaidi ya hayo, Simba yenyewe haikuzaliwa na jina hilo. Ilianzishwa mwaka 1936 kwa jina la Queens, ikapita katika majina ya Eagles na Sunderland, na kuitwa Simba mwaka 1971. Kiambishi a- hapa hakitokani na mnyama. Kinatokana na namna msemaji anavyoiona timu kwa wakati ule: mtu mmoja mwenye tabia yake, anayeweza kutambiwa, kuchekwa, kuonewa huruma. Ndiyo maana (1c) hutawala katika utani, ilhali (1a) hutawala taarifa za viongozi na vyombo vya habari vinapojitahidi kutopendelea.

Kati ya hizo mbili imesimama (1b). Hii ndiyo sentensi ambayo mwalimu wa sarufi huipigia mstari mwekundu, akidai kwamba nomino ya umoja haiwezi kupatana na kiambishi cha wingi. Lakini umbo hili halikuzuka ovyo. Lina mipaka iliyo wazi:

(2) Timu yetu wamejipanga vizuri.
(3) *Timu wetu wamejipanga vizuri.

Msemaji wa Kiswahili hukubali (2) na kuikataa (3) papo hapo. Kivumishi kinachokaa jirani na nomino hufuata umbo la nomino, lakini kitenzi, ambacho kiko mbali nayo, kina uhuru wa kufuata maana. Jambo hili limekwisha kuonekana katika lugha nyingine nyingi. Greville Corbett, mwanaisimu wa Uingereza, alipendekeza mwaka 1979 kuwepo ngazi ya upatanisho: kadiri kipatanishi kinavyosogea mbali na nomino, kutoka kivumishi hadi kiarifu, kisha kirejeshi na kiwakilishi, ndivyo uwezekano wa kufuata maana badala ya umbo unavyozidi. Kiswahili cha kijiweni kinaithibitisha ngazi hiyo bila kuijua. Hali kadhalika, lakabu za timu zinaunga mkono upatanisho wa wa-, kwa kuwa nyingi ni nomino za wingi za watu: Wananchi kwa Yanga, Wekundu wa Msimbazi kwa Simba, Wagosi wa Kaya kwa Coastal Union ya Tanga, na Wanajeshi wa Mpakani kwa Biashara United. Anayesema Biashara wamesajili ana lakabu hiyo akilini, hata asipoitamka.

Wapo ambao wangependa kulieleza suala hili kwa athari ya lugha mama. Maelezo hayo hayana mashiko. Msemaji wa Kizanaki au Kijita anatoka katika lugha yenye ngeli kama Kiswahili. Msemaji wa Kijaluo anatoka katika lugha isiyo na ngeli za namna hiyo. Kama lugha mama ndiyo chanzo, makundi haya mawili yangetofautiana. Tena matumizi hayahaya yanapatikana Tanga, Mbeya na katika magazeti ya Dar es Salaam. Ni Kiswahili chenyewe kinachofanya kazi.

Kuhusu jina la Biashara, liko tatizo la ziada ambalo wakazi wa Musoma wamelizoea na wageni hulicheka. Sentensi Biashara imeshuka, ikitamkwa Mwigobero ambako samaki na dagaa hushushwa kutoka ziwani, ina maana mbili zilizo sawa kwa uzito. Msikilizaji hulazimika kuuliza: ya dagaa au ya mpira? Upatanisho wa wa- huondoa utata huo mara moja, kwa kuwa dagaa hawafanyi usajili. Hapa basi umbo linaloitwa kosa linatenda kazi ambayo umbo sanifu limeshindwa kuitenda.

3.0 Nafsi ya Kwanza Wingi na Mipaka Yake

Katika mjadala wa kabla ya msimu, kiambishi tu- hakikai mahali pamoja. Utazamwe mfano huu, ambamo kijana na mzee, wote wa klabu moja, wanaipima timu yao:

(4) Kijana: Mzee wangu, mwaka huu tunatisha. Kiungo tunaye, na mbele tunao wawili.
Mzee: Na nyuma je, mura?
Kijana: Nyuma ndiko wanakotuangusha, mzee. Hawataki kusajili.

Neno mura, litokalo Kikurya na lenye maana ya kijana wa kiume, limeenea katika mazungumzo ya mkoa mzima. La kuangaliwa zaidi ni viambishi vya kijana. Alipotaja ubora, alitumia tu- ya kiima: tunatisha, tunaye, tunao. Alipofika kwenye udhaifu, tu- haikutoweka; ilihama ikakaa mahali pa mtendwa: wanatuangusha. Kiima sasa ni wa-, kiwakilishi kisicho na nomino yoyote iliyotajwa kabla yake. Hakuna aliyeuliza hao wa- ni akina nani. Kila aliyekuwapo anajua kwamba ni viongozi, au kamati ya usajili, au kwa jumla wale wenye fedha na maamuzi. Ubora ni wa sisi tunaotenda. Udhaifu ni wa wao wanaotutenda.

Mpangilio huu unastahili kuitwa mgawanyo wa lawama kwa njia ya viambishi. Ni wa kawaida kiasi kwamba unapovunjwa, msikilizaji hushtuka. Shabiki akisema hatujui kusajili, akijiingiza mwenyewe katika kosa, wenzake humtazama kama mtu aliyekwisha kukata tamaa, au kama mwanachama mwenye kadi ambaye anajihesabu miongoni mwa wenye mali.

Kwa shabiki wa Musoma mwenye timu mbili, mambo yalikuwa magumu zaidi. Zilinganishwe:

(5) (a) Yanga mwaka huu tumesajili.
(b) Biashara ni timu yetu, lakini haijasajili.

Katika (5a) jina la klabu na nafsi ya kwanza wingi vimeungana katika sentensi moja: Yanga ndiyo sisi. Katika (5b) uhusiano umepitia kimilikishi -etu. Tofauti si ndogo. Kinachomilikiwa ni kitu kilicho nje ya mwenye kukimiliki. Mtu huweza kusema shamba letu, barabara yetu, timu yetu, bila kudai kwamba yeye ni shamba au barabara. Kimilikishi kinadai haki juu ya timu, ilhali kiambishi nafsi kinadai kuwa timu. Wapo wakazi wa Musoma waliosema, na kwa dhati kabisa, Biashara tumesajili. Lakini kwa wengi waliolelewa na redio katika mapenzi ya Simba na Yanga, Biashara ilibaki katika ngazi ya -etu.

Jambo hili hujitokeza wazi kabisa katika vitenzi vya kuja na kwenda. Ratiba ya ligi inapotoka, na Yanga imepangiwa kucheza Musoma, mtu aliyekaa mwendo mfupi tu kutoka Uwanja wa Karume anaweza kusema mojawapo ya hizi:

(6) (a) Yanga wanakuja kucheza na sisi.
(b) Tunakuja Karume kucheza na Biashara.

Katika (6a) msemaji yuko Musoma kwa mwili na kwa nafsi. Sentensi (6b) ni ya ajabu kwa mtazamo wa uashiriaji. Kitenzi kuja kinaelekea mahali alipo msemaji. Kwa hiyo kitovu cha mahali ni Musoma. Lakini kiima tu- kinatoka Dar es Salaam. Msemaji anajikaribisha mwenyewe kama mgeni katika mji wake. Si kosa la ulimi, wala si usaliti, kama baadhi ya wapenzi wa timu za mikoani wanavyodai kwa uchungu. Ni ushahidi kwamba uanachama wa kimoyo na mahali pa kuishi ni mifumo miwili tofauti ya uashiriaji, na kwamba Kiswahili kinaruhusu mifumo hiyo ikutane katika kitenzi kimoja.

Hata hivyo, uchaguzi kati ya (6a) na (6b) haukosi matokeo nje ya sarufi. Timu ya mkoani huishi kwa viingilio, kwa michango na kwa wafadhili wachache. Anayesema tu- huona mchango kama deni lake. Anayesema -etu huuona kama msaada. Viongozi wa timu za mikoani hulalamika kwamba wananchi hawazipendi timu zao. Pengine lugha ya wananchi hao ingewaonyesha kwamba zinapendwa, ila kwa kimilikishi.

4.0 Mnyambuliko wa Kitenzi kama Kipimo

Swali lililobaki ni namna udhaifu na ubora wenyewe unavyotajwa. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wachambuzi wa sitiari wameupita bila kuuona. Kauli ya kutendeka, yenye kiambishi -ik- au -ek-, ina kazi mbili zinazojulikana: kueleza hali iliyotokea, kama vile kikombe kimevunjika, na kueleza uwezekano, kama vile njia inapitika. Mashabiki wameichukua kazi ya pili wakaifanya kipimo cha walinzi na washambuliaji:

(7) (a) Beki yao inapitika.
(b) Kipa huyu anafungika.
(c) Winga wetu hakabiki.
(d) Namba tisa wao hazuiliki.

Katika (7a) na (7b) kitenzi kiko katika hali yakinishi, nacho kinataja udhaifu. Katika (7c) na (7d) kitenzi kimekanushwa, nacho kinataja ubora. Mlinzi mbaya ni yule anayepitika. Mshambuliaji mzuri ni yule asiyekabika. Kila hukumu inatazamwa kutoka upande wa adui: je, anaweza kutufanyia hivi au hawezi? Shabiki anayeipima timu kabla ya msimu hawezi kusema beki imepitika, kwa kuwa mechi hazijachezwa. Anachokitaja ni sifa ya kudumu, na kauli ya kutendeka katika wakati wa -na- inampa umbo la kuitajia sifa hiyo bila kumtaja mtenda.

Tena katika (7a) nomino beki imechukua i-. Ingewezekana kusema beki anapitika, na hapo lawama ingemwangukia mtu mmoja. Beki inapitika huitaja safu nzima kama chombo. Hali ni hiyohiyo kwa kiungo: kiungo amechoka ni mchezaji, kiungo kimepwaya ni eneo la katikati ya uwanja, katika ngeli ya KI/VI. Shabiki mpole, au aliye na ndugu katika timu, huchagua i- na ki-.

Kauli ya kutendesha nayo ina cheo chake. Mchezaji anayesifiwa kuliko wote katikati ya uwanja si anayecheza bali anayechezesha, na nomino iliyonyambuliwa, mchezeshaji, imekuwa jina la nafasi uwanjani. Na kauli ya kutendana ndiyo kimbilio la kila mwenye kuitetea timu mpya: hawajazoeana, hawajaelewana. Klabu iliyosajili wachezaji kumi haiwezi kuambiwa kwamba ni dhaifu. Huambiwa kwamba haijawa na muunganiko. Makocha hulipenda sana neno hilo, kwa sababu udhaifu ulio kati ya watu hauna mwenyewe.

Njeo na hali za masharti zinafuata kalenda ya usajili kwa uaminifu wa kushangaza. Kabla dirisha la usajili halijafungwa, udhaifu husemwa kwa -ki-: tukipata mshambuliaji, hatushikiki. Dirisha likishafungwa, sentensi hiyohiyo hugeuka kuwa ya -nge-: tungepata mshambuliaji, tusingeshikika. Mwalimu wa sekondari anayehangaika kuwafafanulia wanafunzi tofauti ya masharti yanayowezekana na yasiyowezekana angeweza kuwatuma kijiweni siku mbili, moja kabla ya dirisha kufungwa na nyingine baada yake.

Inafaa kuongeza neno kuhusu timu za wanawake. Bunda Queens ilicheza katika Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2023/24, na Bunda ikapata mada ambayo haikuwa nayo. Kwa kuwa viambishi vya Kiswahili havitofautishi jinsia, sentensi za (7) hutumika kwa wachezaji wa kike bila kubadilishwa hata silabi moja: kipa huyu anafungika, winga wetu hakabiki. Tofauti inayosikika iko katika nomino tu, pale wanaposema akina dada au wasichana wetu. Jina Queens, ambalo kwa asili yake ni la wingi, halikulazimisha wa-. Bunda Queens imesajili na Bunda Queens wamesajili yote husemwa, kama ilivyo kwa Simba.

5.0 Safari Isiyokuwapo

Msimu wa 2020/21 Biashara United ilimaliza katika nafasi ya nne, na kwa nafasi hiyo ikaingia Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa mji wa Musoma hilo lilikuwa jambo kubwa. Mijadala ya kabla ya msimu wa 2021/22 ilikuwa na kitu ambacho vijiwe vya Mara havikuwa navyo hapo awali: ubora uliothibitishwa na msimamo wa ligi. Ndipo tu- ya Biashara ilipopata nguvu, hata kwa wale waliokuwa na tu- nyingine.

Timu iliitoa FC Dikhil ya Djibouti katika raundi ya kwanza. Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2–0 jijini Dar es Salaam. Kwa mechi ya marudiano huko Libya, timu haikufika. Ikaondolewa mashindanoni bila kufungwa uwanjani. Tukio hili linaweza kusemwa kwa njia nyingi, na kila njia ni hukumu:

(8) (a) Hatukusafiri.
(b) Hawakusafiri.
(c) Timu haikusafiri.
(d) Timu haikusafirishwa.
(e) Safari ilishindikana.

Sentensi ya mwisho ni ya taarifa rasmi. Kauli ya kutendeka, ambayo vijiweni ilikuwa kipimo cha beki, hapa inafanya kazi ya kumficha mtenda kabisa: hakuna aliyeshindwa, safari yenyewe ilishindikana. Sentensi (8c) ni ya mwandishi wa habari asiyetaka ugomvi. Katika (8d) mnyambuliko umebeba yote. Kutendesha kunadai kwamba yupo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuisafirisha timu. Kutendwa kunaifanya timu kuwa mwenye kutendewa. Ukanushi unasema kwamba kazi haikufanyika. Lakini mtenda hatajwi. Kwa neno moja, shabiki amefungua mashtaka bila kumtaja mshtakiwa. Hoja ndefu kiasi hicho imeingia katika neno moja, na ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vingi vya sarufi huifundisha kauli hii kwa mifano ya kupika na kupikishwa.

Sentensi (8a) na (8b) zinarudisha suala la nafsi. Aliyesema hatukusafiri alijihesabu miongoni mwa waliobaki, ingawa yeye hakuwa na tiketi wala jezi. Huyo ndiye shabiki ambaye timu ilikuwa imempata mwaka ule. Kadiri msimu ulivyoendelea na timu ikazidi kuteremka katika msimamo, kiima kilichofaa zaidi kilikuwa wa-: hawana mshambuliaji, hawajalipwa, hawajitumi. Kutoka nafasi ya nne hadi kushuka daraja ilichukua msimu mmoja. Mwaka 2022 Biashara United iliondoka Ligi Kuu pamoja na Mbeya Kwanza, na msimu wa 2022/23 ikacheza Ligi ya Championship.

Bingwa wa msimu uleule wa 2021/22 alikuwa Yanga, iliyomaliza bila kupoteza mechi hata moja. Kwa hiyo shabiki wa Yanga aliyeishi Musoma, Bunda au Butiama alikuwa na habari mbili za kutoa katika pumzi moja:

(9) Biashara wameshuka, lakini ubingwa tumechukua.

Sentensi hii haina kosa la kisarufi kwa kipimo chochote cha usemi wa kawaida. Viima ni viwili, wa- na tu-, na msemaji ni mmoja. Mtendwa ubingwa ametangulizwa ili kupewa mkazo, na kiunganishi lakini kimewekwa kana kwamba habari ya pili inaifidia ya kwanza. Yuko pia mtu wa Nyasho aliyeigeuza, akasema ubingwa wamechukua, lakini sisi tumeshuka. Viambishi ni vilevile viwili. Vimebadilishana mahali tu, na katika sentensi yake kiwakilishi sisi, ambacho sarufi haikihitaji, kimeongezwa mbele ya kitenzi.